Nimemwandikia "Bado" Mwanafunzi Wangu Anayeweza

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla Alhamisi ya wiki ijayo haijafika, maana ikinikuta na jambo hili kifuani sijui uso wangu nitauweka wapi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, kazi yangu ni fundi sofa, nina mume, watoto wetu wawili wako mbali na kazi zao, sina ugomvi na mtu wala sijawahi kuliandikia gazeti, msomaji wako ni mume wangu, mimi humsikia tu akikusoma kwa sauti huku akiwacheka watu wanaokuandikia, na leo nimekuwa mmoja wao.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la rangi, sponji zimepangwa mpaka darini, na katikati kuna meza ya kukatia vitambaa ambayo mume wangu aliitengeneza kabla hatujaoana. Yeye ndiye aliyenifundisha ufundi huu. Kwa miaka mingi tulifanya wawili, yeye fremu na mimi kuvisha, mpaka mikono yake ikaanza kutetemeka, na sasa hukaa kwenye kigoda karibu na mlango, anapokea wateja, anakata mikanda ya kulalia sponji na kumtania kila anayepita, na kazi nyingine yote ikabaki kwangu.

Mwaka jana kuna chuo cha ufundi hapa mjini kilituandikia mafundi barua, kwamba wanafunzi wao watakuwa wanasoma darasani siku mbili kwa wiki na siku tatu wanajifunza kwenye karakana za watu, kwa kazi za wateja wa kweli, na wanatafuta mafundi wa kuwapokea. Mume wangu akasema, "Nenda, mama, angalau upate mtu wa kumkaripia zaidi yangu." Nikaenda. Walituweka darasani nusu siku, wachomeleaji, waokaji, mafundi friji na mimi, tumejikunja kwenye madawati ya watoto wa watu, wakatufundisha namna ya kumwonyesha mtu kazi, namna ya kumsahihisha bila kumvunja moyo, na namna ya kujaza daftari. Hilo daftari, mshauri, ndilo lililonifikisha hapa.

Kila mwanafunzi ana daftari lake la kazi. Limeandikwa shughuli ishirini na nne, kuanzia kuvua kitambaa cha zamani, kukaza mikanda, kukata sponji, na kuendelea, na mbele ya kila shughuli kuna nafasi mbili, moja ya "Bado" na nyingine ya "Anaweza". Anayejaza ni fundi. Chuo hakiingizi mkono pale, chenyewe hugonga muhuri tu mwishoni. Mwalimu wao, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, alituambia siku ile, "Chuoni tunajua anachofanya kwenye meza yetu. Kwenye kiti cha mteja, jicho letu ni ninyi. Andikeni mnachokiona." Nikaitikia kwa kichwa kama wenzangu.

Basi akaletwa binti wa miaka ishirini na minne, mrefu, mkimya, amebeba begi lenye rula ya chuma imechungulia nje, na mume wangu alipomwona akasema, "Karibu, Chuo," na jina likamganda, hata wateja wanamwita Chuo na yeye anaitika. Siku ya kwanza tukagombana. Mimi nimezoea kuweka misumari midogo mdomoni, naitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku nyundo iko mkono wa kulia, ndivyo nilivyofundishwa, na yeye akanitazama kwa hofu akasema, "Mama, chuoni wamekataza, ukipiga chafya je?" Nikamwambia chafya yangu inajua adabu. Wiki ya pili mwalimu akaja kumtembelea, akanisalimia, "Shikamoo, mama," nami mdomo umejaa misumari kumi na mitano, nikabaki nanguruma, mume wangu akamjibu kwa niaba yangu, "Amesema marahaba, ila imechanganyika na chuma." Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, lakini kwenye karatasi yake aliandika, na wiki iliyofuata Chuo akaniletea nyundo ya sumaku kutoka stoo yao, na ninakiri kwamba mdomo wangu sasa unapumzika.

Nakueleza haya ili ujue jinsi tulivyozoeana. Mimi nilimfundisha kusikiliza fremu, maana fremu iliyooza ukiikalia inalia tofauti, nikamfundisha kumwambia mteja kwa upole kwamba sofa lake halifai tena hata kama alipewa na mama yake, na yeye akanifundisha kuchora. Kazi ngumu kuliko zote kwetu ni mgongo wa vifungo, ule mgongo wa kiti ambao vifungo vimezama ndani ya sponji na kitambaa kimekunjika sawasawa kutoka kifungo hadi kifungo. Mimi miaka yote nimepima kwa jicho. Yeye akaja na karatasi yenye mistari waliyochora darasani, akailaza juu ya sponji, akatia alama, nikamcheka, nikamwambia mteja hakalii karatasi, halafu tulipomaliza nikarudi nyuma hatua tatu kuangalia na vifungo vilikuwa vimenyooka kuliko vyangu vyote vya miaka thelathini. Mume wangu akasema, "Jicho lako lilikuwa linakudanganya na mimi nikalinyamazia, nilitaka kula kwa amani." Tangu hapo nachora.

Mgongo wa vifungo ndiyo shughuli namba ishirini na nne. Chuoni hawana viti vya namna hiyo vya kufanyia mazoezi, kwa hiyo shughuli hii moja inategemea neno langu tu. Wiki nane zilizopita tuliletewa kiti cha muuguzi mmoja mstaafu, Chuo akakifanya peke yake tangu sponji mpaka kifungo cha mwisho, mimi nilikuwa nashona mito na sikumsaidia hata kumshikia uzi, na kilipokwisha nilikizunguka kile kiti kama mtu anayetafuta sindano, nikabonyeza kila mkunjo, sikuona kosa. Jioni akanipa daftari. Shughuli ishirini na tatu zote zilikuwa zimeshaandikwa "Anaweza". Nikashika kalamu, nikaona kwamba nikiandika hili moja limekwisha, ataondoka, kutabaki mimi na mzee wangu na redio, na nikaandika "Bado".

Akauliza, "Nimekosea wapi, Mama?" Nikamwambia kaza zaidi. Sikujua hata nilimaanisha nini. Nikajiambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikajiambia mtoto huyu akisifiwa mapema atalewa, na sofa tulizoletewa na nyumba moja ya wageni zimerundikana nazo zinataka watu wawili, nikajiambia mambo mengi. Wiki iliyofuata akafanya mgongo mwingine, nikaandika "Bado" tena. Hivyo hivyo kila Ijumaa. Nampenda, mshauri, nampenda kama niliyemzaa, asubuhi nikisikia mlango unasukumwa najua ni yeye na moyo unatulia, anamkatia mzee kucha bila kuombwa, ananiambia kitambaa gani kinanipendeza, wanangu wenyewe hupiga simu siku za sikukuu, na huyu ninaye siku tatu kila wiki. Na utaratibu wa chuo ni kwamba madaftari yakikusanywa na lako lina "Bado", unarudishwa kwa fundi wako miezi sita mingine. Hiyo miezi sita ndiyo niliyoitaka.

Sasa sikiliza kilichoniamsha. Wiki iliyopita nilitoka kwenda kununua uzi, nikarudi saa ya chakula, nikamkuta ameuvua mgongo wa kiti aliokuwa ameumaliza asubuhi, mgongo mzuri, amekata vifungo vyote na kuvipanga mezani, anavitazama. Nikamuuliza unafanya nini? Akasema, "Natafuta ninapokosea, Mama. Sipaoni." Alikuwa hajala, chakula chake kilikuwa kimefunikwa vilevile. Nikaingia uani, na mgongo ule mpaka leo hauna vifungo.

Jumatatu ikawa mbaya zaidi. Kiwanda kimoja kinachotengeneza viti vya hoteli kiliomba chuo majina ya wanaomaliza, na msimamizi wao akampigia simu binti akiwa karakana, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Kila kitu naweza, isipokuwa mgongo wa vifungo. Huo bado, fundi wangu anaona bado." Yule bwana akamwambia basi, siku ukiweza utupigie. Chuo akakata simu akaendelea kukata sponji, hakulalamika. Mume wangu alikuwa amesikia yote kutoka kwenye kigoda chake. Akangoja Chuo atoke, akaniomba daftari, akalifunua ukurasa wa mwisho, akasoma zile "Bado" nane na kidole chake kikitetemeka juu ya karatasi. Akasema, "Mama, mimi mikono imekwisha lakini macho ninayo. Vile viti nilivikalia. Bado ya nini?" Nikalia. Hakunibembeleza. Akasema, "Sema wewe, au nitasema mimi, na mimi nikisema sitakupamba."

Alhamisi mwalimu anakuja kukusanya daftari. Nikisema ukweli, chuo kitanifuta kwenye orodha ya mafundi wao, na mtoto atanichukia, na ni haki yake. Nikifuta kimyakimya na kuandika "Anaweza", labda hakuna atakayejua, yeye atafurahi na ataondoka bado ananipenda, na mimi nitabaki na siri yangu. Hii njia ya pili ndiyo moyo unanivuta. Mume wangu anasema ni njia ya wezi. Nishauri, nami naahidi nitafuata, hata kama utanitukana.

Mama Sofa


MSHAURI ANAJIBU

Mama Sofa,

Sikutukani, nitakukaripia tu. Barua yako nimeitoa kwenye foleni nikaipitisha mbele ya watu wenye matatizo ya ndoa, nao wamenuna, lakini gazeti hili linatoka Jumanne na mwalimu anakuja Alhamisi. Una siku mbili, kwa hiyo haya yasome ukiwa umesimama.

Nianze na pole. Pole ya kweli, kwa sababu kuachwa na watoto waliokua ni kazi nyingine isiyokuwa na chuo, na siwezi kumlaumu mtu kwa kumpenda anayeingia mlangoni kwake na kumkatia mzee wake kucha. Nimecheka kwa habari ya misumari mdomoni, nikamsomea jirani yangu wa hapa ofisini, naye akacheka. Tungekaa pamoja nadhani tungepatana. Sasa weka hayo pembeni.

Umeandika kwamba unampenda, tena ukarudia. Mara moja tu, katikati ya sentensi ndefu, ukapenyeza kwamba sofa za nyumba ya wageni zimerundikana. Mimi nimeiona, dada yangu. Kazi yangu ni kusoma barua za watu wanaoficha jambo moja katikati ya mengine. Ulikuwa na upendo, nakubali, lakini ulikuwa pia na mrundikano wa kazi na mikono miwili mahiri isiyodai mshahara wa fundi. Yaseme yote mawili, kwanza kwako mwenyewe. Na ile methali ya mgema uirudishe ulikoitoa. Mgema aliyeharibiwa na sifa alisifiwa kwanza, wa kwako hujamsifu hata mara moja.

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Uliwaza kwamba umemchelewesha. Mtu aliyecheleweshwa hupona. Wewe umemfundisha kutoyaamini macho yake. Alitengeneza kitu kizuri, akakiangalia akaona kizuri, halafu mtu anayemheshimu kuliko wote akamwambia si kizuri, na kwa kuwa ana adabu akakuamini wewe. Mtoto wa jeuri angekuuliza mara ya pili, "Wapi?" na ungeumbuka. Huyu alikaa bila kula, akakata vifungo. Na alipoulizwa na watu wanaotoa ajira, alitoa ushahidi wa uongo dhidi yake mwenyewe kwa kukutii wewe.

Nimempigia simu mwalimu mmoja wa ufundi ninayemfahamu, si wa chuo chenu, wala sikumtajia habari zako, nikamuuliza kwa nini chuo kinampa fundi wa mtaani kalamu kubwa namna hiyo. Akanijibu kwamba zamani walikuwa wanawafundisha wanafunzi kila kitu darasani, wakitoka wanajua majina ya nyundo zote na hawajawahi kumwona mteja amekasirika. Na wale waliojifunzia karakana tu nao walitoka na mikono mizuri na hawakuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu, wala hawajui sababu ya wanachofanya. Ndiyo maana wakaunganisha. Chuo kinaleta sababu na kinasimamia haki ya mwanafunzi, fundi analeta kazi yenyewe. Nikamuuliza, na fundi akidanganya? Akasema, "Hapo tumekwisha. Sisi hatuwezi kuwa kila karakana kila siku." Nimekuletea maneno yake kama alivyoyasema. Wewe mwenyewe unajua yana ukweli, maana ni chuo chenu kilichokunyooshea vifungo baada ya miaka thelathini.

Sasa hiyo njia yako ya pili. Ufute, uandike, ufunge mdomo. Mume wako ameiita ya wezi na mimi sina la kuongeza kuhusu jina. Naongeza tu kwamba haitafanya kazi. Ukimwandikia leo "Anaweza" bila maelezo, atadhani ameweza leo. Ataamini kwamba wiki nane zile alikuwa anakosea kweli, na kosa likaondoka lenyewe, hajui lini wala vipi. Ataenda kwenye kiwanda cha watu akiwa anangoja lirudi. Kila mgongo atakaoumaliza atataka kuufumua. Wewe utakuwa umebaki na siri, na yeye atakuwa amebaki na hofu, kwa hiyo siri yako ataibeba yeye. Njia ya mwongo ni fupi, mama, na hii yako inaishia mikononi mwa mtoto wa mwenzio.

Utafanya hivi. Leo, mara tu utakapoliweka gazeti hili chini, mpigie mwalimu mwenye miwani ya kamba. Usimngoje aje. Mwambie kwa sentensi moja, "Mwanafunzi wako aliiweza namba ishirini na nne wiki nane zilizopita, nami niliandika uongo." Usianze na mikono ya mzee wala watoto walio mbali, hayo atayasikia baadaye akitaka. Atakasirika, mwache akasirike. Muulize ukurasa unasahihishwaje kwa utaratibu wao, na ukisahihishwa uandike tarehe ya kile kiti cha muuguzi, si ya Alhamisi. Kama kiti bado kipo kwa mwenyewe, mwombe yule muuguzi ruhusa ili mwalimu akakione, maana neno lako kwa sasa halina uzito na inabidi kiti kikusaidie.

Wakikufuta kwenye orodha, ufutike. Usilie mbele yao. Subiri mwaka, nenda tena kwenye yale madawati ya kujikunja, kaa na wachomeleaji, uanze upya. Nadhani hawatakufuta moja kwa moja, kwa sababu mafundi wanaojishtaki wenyewe si wengi, lakini hilo ni lao kuamua, wala usiende na matumaini hayo mkononi kama zawadi.

Kisha kile kiwanda. Namba ya yule msimamizi Chuo anayo. Utampigia wewe, siyo yeye, utajitambulisha kwamba wewe ndiye fundi uliyesema bado, na kwamba ulikosea. Usimsifie kupita kiasi kama mtu anayeuza ng'ombe. Sema anaweza, na kwamba aje apimwe. Kama nafasi imeshajazwa, hilo nalo utambebea, na utaanza kuuliza kwa mafundi wengine unaowajua, kwa miguu yako, mpaka apate.

Unaweza kumpa kazi kwako? Najua swali hilo liko kooni. Unaweza, lakini baada ya daftari kugongwa muhuri, akiwa na cheti chake na uhuru wake, kwa mshahara wa fundi kamili, na kwa kumuuliza mara moja tu. Akisema hapana, jibu ni "Sawa, mwanangu." Usimsindikize na maneno ya huruma kuhusu mzee na redio. Mzee ana akili kuliko sisi wote na redio inazimika.

Hizo sofa za nyumba ya wageni, mwambie mwenyewe kwamba zitachelewa. Mteja mwenye hasira wewe unamjua, umemfundisha mwenzako namna ya kuzungumza naye, sasa ni zamu yako.

Nimeacha la mwisho kwa sababu ndilo utakalotaka kulikwepa. Kabla mwalimu hajafika hiyo Alhamisi, kesho asubuhi Chuo atakapoingia, usimpe chai wala usimwambie ana nguo nzuri. Mume wako awepo, kwa kuwa ni shahidi na kwa kuwa utamhitaji. Mweke Chuo kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Mwambie uliandika uongo, mwambie ni kwa sababu ulitaka abaki, na mwambie na habari ya kazi zilizorundikana. Akikasirika usijitetee. Akitoka nje, usimfuate. Akirudi au asiporudi, yote ni haki yake, na kama anakupenda kama unavyodhani, huenda akachukua muda mrefu zaidi kukusamehe kuliko mtu asiyekujali, jiandae kwa hilo. Wala usimwombe msamaha kwa namna ya kumlazimisha akubembeleze.

Ila kabla hajanyanyuka, mshike mkono, umpeleke kwenye ule mgongo aliokata vifungo, naye avirudishe mbele yako, kimoja kimoja, kwa karatasi yake ya mistari. Wewe kaa umtazame mpaka amalize, hata kama itachukua asubuhi nzima. Kisha bonyeza kila mkunjo kama ulivyofanya siku ya kwanza, na useme kwa sauti ulichokiona siku ile. Mwambie aache kulitafuta kosa. Mwambie halikuwepo.

Mshauri